Vidonge vya Siku ya Kwanza

Vidonge vilikuwa vinaisha. Noella alivimimina juu ya sahani, vidogo vya manjano, akavihesabu kwa ncha ya kidole: kumi na viwili. Akavirudisha ndani ya kichupa, akakitikisa, akavimimina tena kana kwamba vingeongezeka kwa kutikiswa. Kumi na viwili vile vile. Leo Ijumaa mama mkwe wake ameze sita, kesho kile kimoja cha dawa nyingine, Jumapili ameze sita, basi, kichupa kikavu. Na karatasi ya hospitali ilisema warudi mwezi ujao, wiki tatu na ushee mbele.

"Sasa hawa watu walitaka Mama ameze nini hapo katikati?" alijiuliza. "Hewa?"

Swali zuri hilo. Laiti angekaa nalo dakika mbili tatu zaidi, lingejijibu lenyewe. Lakini nyumba ile ya Kilibula haikuwa nyumba ya kukaa na swali. Sebuleni mama mkwe alikuwa anaguna, uji ulikuwa unapoa, na mlangoni mtu alikuwa ameshaingia ndipo anapiga hodi.

Huyo alikuwa Délice, dada wa mumewe, aliyeolewa Nyamianda lakini kwa mama yake anaingia kama hajawahi kuondoka. Alivua kandambili, akamwinamia mama yake kitini.

"Mama, uliamuka je?"

"Kinywa," alijibu Mama Capitoline. Alifungua mdomo kidogo, akauonyesha kwa kidole kilichopinda.

Vidole vyake vyote vilikuwa vimepinda. Mwanamke aliyelima mihogo bondeni Ruzizi tangu usichana alikuwa ameshindwa kufunga kitenge chake mwenyewe kiunoni, akawa anafungwa na mke wa mwanawe kama mtoto anayekwenda shule. Miaka miwili alimeza dawa za maumivu za kila duka. Jumatatu ya wiki ile tu ndipo daktari alipoupa ugonjwa wake jina, akampa dawa ya haja.

Délice alichungulia ndani ya kinywa akaruka nyuma. "Yoo! Vidonda! Pande zote! Noella, umemupa mama nini?"

"Nimempa dawa yake," Noella alisema kutoka jikoni. "Vidonda vilianza jana. Nilidhani ni pilipili ya kwenye samaki wa mukeke."

"Ulidhani," Délice alirudia, akiiga kile Kiswahili cha wifi yake. Noella alizaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi huko Tanzania. Miezi mitatu tu ilikuwa imepita tangu mumewe Térence amlete Uvira, na kila akifungua mdomo kuna mtu wa kumcheka. "Wenye kudhani wako wengi mu hii muji. Niletee dawa nione."

Noella alileta kichupa, sahani na karatasi. Délice alihesabu, akasoma karatasi, akahesabu tena. Uso wake ukabadilika. Noella alijiandaa kutukanwa, lakini safari hii hasira ilimpita ikaelekea kwingine kabisa.

"Wametuibia!"

"Nani?"

"Watu wa hospitali! Wametupatia dawa ya wiki moja, wanaandika mwezi! Ingine wameuzisha. Ndiyo maana mama anatoka vidonda, dawa haitoshi, ugonjwa unapandia mu kinywa! Minye leo nitawaonyesha. Vaa viatu. Mama, simama, twende."

"Sijameza bado," alisema Mama Capitoline. "Leo si siku ya zile sita?"

"Mupe ameze, twende!"

Noella alikuwa na vidonge sita kiganjani tayari. Alimtazama mama mkwe, midomo imevimba, mate yanamtoka pembeni kwa sababu kumeza kunamuuma. Moyo ukamkataa. Daktari alikuwa amesema kitu juu ya vidonda. Alisema, tena alisema kwa mkazo: akipata homa ao vidonda mu kinywa, mumulete haraka, musingoje. Tangu jana jioni maneno hayo yalikuwa yanamgonga kichwani, naye anayasukuma nyuma, kwa sababu mgeni wa nyumba akisema mama mwenye nyumba arudishwe hospitali ataulizwa, umemfanya nini? Lakini kumwambia Délice "simpi" pia hakuweza. Kwa hiyo alifanya kama wafanyavyo wanyonge wote wenye akili: alipita pembeni.

"Wifi, si tunaenda kugombana nao? Basi ameze huko huko, mbele yao, waone kwa macho yao zinavyoisha."

Délice alilipenda hilo. "Umesema kitu," alisema, na hiyo ilikuwa sifa ya kwanza aliyompa wifi yake tangu aje.

Noella alivifunga vidonge sita ndani ya kipande cha karatasi, akavitia kwenye mkunjo wa kitenge.

*

Wagonjwa kama kumi na watano walikuwa wamepanga mstari mbele ya dirisha la dawa. Délice hakupanga. Alimkalisha mama yake kwenye benchi, akamkokota Noella kwa mkono, akafika mbele akagonga mbao kwa funguo.

Ndani alikuwa mzee Nizigama, mtu wa dawa wa miaka mingi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Aliinua macho polepole.

"Mama, wenzako wako kwa mustari."

"Minye sikuja kwa mustari, nimekuja kwa haki! Muzee, lundi mulimupatia mama yangu dawa. Karatasi inasema mwezi. Dawa inaisha siku ya Mungu, keshokutwa! Ile ingine mulipeleka wapi? Bandarini Kalundu? Iko mu boti inaenda Kalemie?"

Mstari wote ukachangamka. Hakuna kinachomwondolea mgonjwa maumivu kama ugomvi wa mwingine. Wanawake wawili walisogea wasikie vizuri.

Mzee Nizigama hakukasirika. Alivuta daftari, akashusha kidole. "Capitoline. Vidonge makumi mbili na ine. Walipokea makumi mbili na ine. Nani alipokea?"

"Mimi," alisema Noella.

"Vilikuwa ngapi?"

"Ishirini na vinne, baba."

"Basi. Sita, sita, sita, sita. Mwezi umekwisha. Wizi iko wapi?"

"Mwezi gani!" Délice alipiga mbao tena. "Sita mara ine njo mwezi? Ulisomea wapi hesabu?"

Noella aliona kwamba wanapishana, akajaribu kusaidia. Alisema taratibu, kwa adabu, kama alivyofundishwa kuwaambia wakubwa: "Baba, ni hivi. Leo sita za manjano. Kesho kile kimoja kingine. Keshokutwa sita tena. Ndiyo maana hazifiki mwezi."

Mzee aliweka kalamu chini.

"Rudilia."

Akarudia.

"Nani alikuambia keshokutwa?"

"Daktari. Alisema siku ya kwanza sita, siku ya pili moja. Na hapa mmeandika." Alinyoosha mfuko wa karatasi waliopewa na dawa, na kweli ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyeusi: *siku 1 – sita. Siku 2 – moja.* "Sasa zikiisha hizo mbili, tunaanza upya."

"Mwanangu," alisema mzee Nizigama, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "siku ya kwanza ni siku gani?"

Noella alishangaa. Swali gani hilo? "Ni siku ya kuanza."

Mtu mmoja kwenye mstari aliangua kicheko. "Huyu anatoka wapi? Hajue lundi!"

"Anatoka Nyarugusu," Délice alijibu bila kugeuka, kwa mazoea. Kisha jibu la Noella likamwingia.

"Siku ya kwanza ni lundi," alisema mzee. "Siku ya pili ni mardi. Njo majina yao. Kila lundi sita, kila mardi moja, inaisha, mpaka lundi ingine. Mara moja kwa wiki! Weye lundi unaiitaka nani?"

"Jumatatu," alisema Noella. Neno lilitoka dogo sana.

Ndipo alipoiona Jumatatu ile yote. Mama yuko kwenye mizani, Noella peke yake mbele ya daktari. Daktari anaanza na Kifaransa, anaona huyu msichana anamtazama mdomo tu, basi kwa hisani anahamia Kiswahili. *Sita, siku ya kwanza. Moja, siku ya pili. Leo njo siku ya kwanza, aanze leo. Umeelewa?* Nyumbani kwa Térence wanasema lundi, mardi, kwa Kifaransa, kama vijana wote wa mjini. Siku ya kwanza alikuwa ameisikia sokoni mara moja mbili kwa wazee, ikampita. Na siku ile kweli ilikuwa Jumatatu! Aliitikia kwa kichwa. Alielewa kila neno, na hakuelewa kitu.

Mzee Nizigama alikuwa anahesabu kwa vidole. "Lundi alikunywa. Mercredi?"

"Alikunywa."

"Leo?"

Noella alifungua mkunjo wa kitenge, akaweka kikaratasi juu ya mbao. Vidonge sita vikaviringika.

"Leo bado."

Mzee aliviangalia, akapumua kwa kishindo. "Mungu iko," alisema. "Mungu iko kweli. Nini ingine amekunywa? Dawa ya maumivu? Ya kikohozi? Semeni yote."

Ikawa zamu ya Délice. Alifungua pochi polepole, akatoa kipande cha vidonge vya Bactrim alichonunua njiani, wakati pikipiki iliposimama kujaza mafuta. "Ya vidonda," alinong'ona. "Alikuwa ataimeza akisha kula. Hajaweza kula."

"Hii?" Mzee alikinyakua. "Hii na ile, pamoja? Mama, ungemumaliza! Hii inashika ile dawa mu mwili, haitoki tena." Akakitupa kwenye ndoo ya takataka. Kisha akafanya jambo ambalo mstari ule haukuwahi kuliona: aliacha dirisha wazi, daftari wazi, akatoka kwa mlango wa nyuma akikimbia kumwita daktari.

Hakuna aliyecheka tena. Yule aliyecheka kwanza aliinua mfuko wake mwenyewe wa dawa, akaanza kuusoma.

*

Daktari Kwizera alikuwa kijana, na habari ile ilimfanya aonekane kijana zaidi. Alimlaza Mama Capitoline, akaangalia kinywa, akapima homa. Hakuna homa. Alishika begani, akabonyeza tumbo, akaagiza damu itolewe haraka.

"Itakuwa je?" Délice aliuliza. "Niambie kweli, docteri. Usinifiche."

"Kweli sijaijua, iko mu damu. Sikilizeni. Mwilini kuko basoda wanaotulinda. Wa mama walichanganyikiwa, wanapiga raia wa ndani, njo maana viungo vinavimba. Hii dawa inawapunguzia risasi. Kidogo, kwa wiki. Ukimupa kila siku mbili, basoda wanaisha kabisa, na hata kikohozi cha bure kinaingia mujini bila kuulizwa karatasi."

Uvira mtu haelezwi mara mbili habari za askari. Délice alikaa chini.

"Kwa sasa tutamupa dawa ya kuzima ile," daktari aliendelea. "Damu itachukua masaa mawili. Hapo tutajua."

Masaa mawili. Délice alilipa vipimo, akifungua fundo la pesa mbele ya Noella bila kumtazama, noti moja moja, kama anayesema: tazama unavyotugharimu. Kisha akatoka uani kumpigia simu kaka yake, ambaye boti yake ilikuwa Kalemie inapakua. Hakupunguza sauti. "Térence! Muke wako anataka kutuulia mama! Ndiyo! Hajue lundi! Nakuambia hajue lundi!"

Noella alikuwa kwenye benchi la nje. Mwanamke aliyekaa jirani alisogea kando kidogo, akajifanya anatafuta kivuli. Aibu ilimchoma, tusidanganyane, lakini aibu ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa woga. Aliona mikono yake mwenyewe ikivihesabu vile vidonge Jumatano asubuhi, sita kamili, kwa uangalifu, maji ya kunywa yamechemshwa, kikombe kimesuuzwa. Hakuna siku aliyomhudumia mtu kwa upendo kama ile. Na kwa upendo ule ule alikuwa anamuua.

Aliinuka. Heri nimwambie mwenyewe, alijisemea, kuliko aambiwe na Délice.

Mama Capitoline alikuwa amelala ubavu, bomba la dawa mkononi. Noella alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nimekukosea. Ile dawa ni ya mara moja kwa wiki. Mimi nilikupa mara mbili. Leo ningekupa tena."

"Docteri alishaniambia."

"Nisamehe, Mama."

Mama mkwe aligeuza kichwa amtazame. Kuzungumza kulimuuma, kwa hiyo alichagua maneno.

"Kirundi chetu tunaita *ku wa mbere*," alisema mwishowe. "Maana yake ni hiyo hiyo, siku ya kwanza. Lundi. Siku ya lundi ulinipatia, nikasema muzuri. Mercredi ukanipatia tena. Nikajiuliza, mbona tena? Njo vile vile, rangi ile ile." Akameza mate kwa shida. "Minye nilijiuliza, Noella. Lakini mukubwa atauliza mutoto? Nikaona haya. Nikameza."

Noella aliinua kichwa. "Mimi pia jana niliona haya kusema turudi."

"Eh. Haya yako na yangu," alisema Mama Capitoline, "zingenizika mu kaburi moja." Akataka kucheka, midomo ikamuuma, akashika shavu. "Toka hapa, usinichekeshe. Inaniwaka."

*

Karatasi ya damu ilikuja na daktari mwenyewe. Aliisoma akitembea, na Délice, aliyekuwa mlangoni, alitaka kuisoma usoni kwake lakini uso ulikuwa kwenye karatasi.

"Basoda wamepungua kidogo," alisema daktari, "lakini hawajakimbia. Maini iko muzuri. Figo iko muzuri. Atalala hapa siku mbili, tuangalie kama homa haiji, turudilie damu. Vidonda vitapona." Akakunja karatasi. "Kama angekunywa leo, na siku ya Mungu tena, na ile Bactrim juu, tusingekuwa tunaongea hivi."

Délice alikaa chini pale pale, kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, na kitenge chake kizuri, akalia kwa sauti. "Aksanti Yesu! Aksanti! Aksanti!" Muuguzi akamwambia anyanyuke, sakafu ina maji. Alijibu kwamba hata kama ni ziwa zima, hanyanyuki. Noella alimfuata chini kumshika, na wote wawili wakalowa, na ikawa wanalia na kucheka na hakuna anayejua nani anambembeleza nani.

Daktari alimsubiri Noella asimame. Kisha akasema jambo ambalo wakubwa wa ofisi hawalisemi mara nyingi.

"Kosa haikuwa yako peke yako. Nilikuuliza, umeelewa? Kila muntu anaitikaka ndiyo. Ningekuambia: rudilia. Njo kazi yangu, na sikuifanya."

Noella hakujua daktari akiomba radhi anajibiwaje. Alisema, "Pole na kazi."

*

Wiki mbili baadaye vidonda vilikuwa vimekauka na Mama Capitoline anakula bugali kwa ndagala bila kukunja uso. Vidole vilikuwa bado vimepinda, maana ile dawa haina haraka, lakini kila siku alikuwa anajaribu fundo la kitenge, anashindwa, anatukana, anajaribu tena. Wakarudi hospitalini wote watatu. Damu ilipimwa upya: salama kabisa.

"Sasa tunaanza tena," alisema Daktari Kwizera. "Sita, mara moja kwa wiki. Siku gani?"

"Lundi!" alisema Délice.

"Jumatatu," alisema Noella.

"*Ku wa mbere*," alisema Mama Capitoline.

Daktari aliyaandika yote matatu juu ya kichupa, moja chini ya lingine. "Akikosa siku hiyo?"

"Hatumpi mara mbili kufidia," alisema Noella. "Tunakuja kuuliza."

"Homa ao vidonda?"

"Tunakuja siku ile ile. Na dawa yoyote ya dukani, tunauliza kwanza."

"Muzuri." Alifunga kichupa. "Nani atakamata dawa pale nyumbani?"

Délice alinyoosha mkono kabla swali halijaisha. "Minye. Nitaipeleka kwangu Nyamianda, kila lundi asubuhi ninakuja nayo, ninamumezesha kwa macho yangu. Si kwa ubaya, wifi."

"Si kwa ubaya," Noella alikubali, macho chini. Aliona ni haki. Nani angemkabidhi tena?

"Hapana," alisema Mama Capitoline.

Wote wakamgeukia.

"Dawa inabaki na Noella." Aliinua mkono wake uliopinda, akamsukumia mke wa mwanawe kichupa kifuani. "Huyu alishakosea. Mpaka anakufa atauliza mara mbili. Weye, Délice, haujakosea bado."